Watoto wa kando ya ziwa wapimwe selimundu

Mtoto anapovimba vidole na kulia usiku kucha kwa maumivu, bado wapo majirani hapa Manyatta wanaonong'ona kwamba ni chira. Hiyo si chira. Huenda ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ulioenea sana kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alieleza sababu: aliyerithi jeni moja tu ya ugonjwa huu hukingwa dhidi ya malaria kali.

Wazazi huuliza, mbona mwili usijirekebishe wenyewe? Ukweli ni kwamba chembe za mwili zina ukaguzi. Maagizo ya kutengeneza protini hunakiliwa kutoka kwa jeni na kubebwa na tarishi aitwaye RNA. Husomwa herufi tatu tatu. Ikiwa amri ya kukoma imetokea kabla ya wakati, wakaguzi huitambua na tarishi huyo hukatwakatwa, asije akazaa protini nusunusu. Wanasayansi walianza kuliona jambo hili mwaka wa 1979, katika hamira na katika ugonjwa mwingine wa damu, thalasemia.

Selimundu haikamatwi hivyo. Herufi moja tu imebadilika, na neno linalotokea ni halali: linaagiza valini mahali pa asidi ya glutamiki. Hakuna amri ya kukoma mapema, kwa hivyo tarishi huruhusiwa kupita. Himoglobini inayotengenezwa hushikamana oksijeni ikipungua, na chembe nyekundu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Kosa ambalo chembe haiwezi kulikamata, ni lazima sisi tulikamate. Kila mtoto anayezaliwa kandokando ya ziwa apimwe damu, tone moja tu kutoka kisigino, na mzazi asitozwe chochote. Akijulikana mapema atapewa penisilini, chanjo ya nimonia na kinga ya malaria. Dawa ya haidroksiyurea nayo hupunguza vipindi vya maumivu. Tukingoja hadi vidole vivimbe, maambukizi yanaweza kumuua kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Vijana wanaotaka kuoana nao wapimwe. Wote wawili wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Lengo si kuvunja uchumba, bali kujua mapema.

Mama, ukienda kliniki, ulizia kipimo hicho. Wakuu wa afya nao wahakikishe kipo.