Mazungumzo ya Nyumbani: Mchezo Usio na Kombe



Mwezi huu nimeletewa barua na mama mmoja wa Mombasa, nami naiweka mbele yenu kwa kuwa naamini si nyumba yake peke yake yenye jambo hili. Jina lake nalificha, kama ilivyo ada ya ukurasa huu.

Mama huyu aeleza kwamba mwanawe wa miaka 14 yumo katika timu ya vijana ya mpira wa magongo, yaani hoki. Msimu mzima kijana alihudhuria mazoezi bila ya kukosa, na msimu mzima akakaa nje pamoja na wachezaji wa akiba, akiwashikia wenziwe chupa za maji. Sasa ligi imekwisha. Timu yao imetoka katikati ya orodha. Haikupata kombe wala haikushika mkia. Mwalimu wa timu ametangaza mechi tatu za kirafiki za kufungia msimu, mbili hapo hapo mjini na moja ya safari, na ameahidi kwamba kila kijana atacheza. Baba amekataa kutoa nauli. Kauli yake ni fupi: mchezo usio na kombe hauna faida, na mtoto asiyechezeshwa mwaka mzima hana la kufuata huko. Tangu usiku huo kijana amelitia gongo lake uvunguni mwa kitanda, na chakula hula nusu akasaza nusu. Mama auliza: amwombee kwa mumewe, au amwache ajifunze kukubali?

Swali hili ni la haki, na baba naye ana haki yake. Fedha ya nauli haiokotwi njiani, na mzazi anayeuliza faida ya kila shilingi itokayo nyumbani mwake hastahili kulaumiwa. Walakini yafaa kwanza tujue mechi ya kirafiki ni kitu gani, na ni ya nani hasa, ndipo tupime kama ina faida au haina.

Mechi ya kirafiki ni mchezo kamili, wenye refa, wenye mistari, wenye mabao, lakini matokeo yake hayaandikwi katika orodha ya ligi. Hakuna pointi ipatikanayo wala ipoteayo. Basi baba husema, "Kama haiandikwi, ya nini?" Nami namjibu kwa taadhima: faida yake imo katika kutoandikwa huko huko.

Tazameni hali ya mwalimu wa timu wakati wa ligi. Katika hoki wachezao uwanjani ni 11, na wengine husubiri nje. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria ya mchezo huu yamruhusu mwalimu kubadilisha wachezaji mara nyingi apendavyo, bila ya kuusimamisha mchezo, isipokuwa wakati wa kona ya adhabu. Mchezaji aliyetoka aweza kupumzika akarudi, akatoka tena akarudi tena. Kwa hivyo si sheria inayomweka mtoto nje mwaka mzima. Kinachomweka nje ni hofu. Mwalimu aogopa kupoteza pointi, wazazi wa wachezaji hodari wamkodolea macho, naye huwarudia wale wale aliowazoea. Ligi ikiisha, na hofu ile huisha. Hapo ndipo mwalimu aweza kumtazama kijana wa akiba kwa utulivu na kumwambia, "Ingia."

Nami ni mwalimu wa chuo, na jambo hili nalijua kwa njia ya kazi yangu. Siku ya hadhara, watu wamejaa na mikeka imetandikwa hadi barazani, mwalimu humtoa mtoto mwenye sauti nzuri na ulimi mwepesi. Yule mwenye kigugumizi hukaa nyuma. Lakini mwalimu akiwa hana siku nyingine ila siku ya hadhara, basi yule wa nyuma atabaki nyuma mpaka aote ndevu. Lazima pawe na jioni isiyo na wageni, jioni ambayo kosa halimwaibishi mtu, ili yule mtoto asome mbele ya wenziwe, akwame, arudie, aendelee. Mechi ya kirafiki ndiyo jioni ile isiyo na wageni. Huyu wa akiba ndiye mwenye haki nayo kuliko wote, kwa kuwa wale 11 wa kwanza wamekwisha kula sehemu yao.

Pengine baba atasema kwamba kijana ameutazama mchezo mwaka mzima, na kutazama nako ni kujifunza. Ni kweli, lakini hoki ina mambo ambayo jicho peke yake haliwezi kuyashika. Gongo lake lina upande mmoja ulio bapa, nao ndio pekee uruhusiwao kupigia mpira. Mpira ukimjia mchezaji upande wake wa kushoto, hana budi kuligeuza gongo kwa kiganja, au kuizungusha miguu upesi. Mambo haya hukaa katika mkono, na mkono haufunzwi kwa kutazama. Kadhalika bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambulizi ndani ya ule mstari wa duara ulio mbele ya goli, umbali wa mita 14.63. Aliye nje huona nafasi ni kubwa. Aliye ndani, walinzi wawili wakimkabili na kipa akimtokea, huona nafasi ni kama tundu la sindano. Dakika 10 za hapo humfunza kijana jambo ambalo miezi mitatu ya kushika chupa za maji haikumfunza.

Tena kuna faida ya timu yenyewe. Msimu ukiisha, vijana wakubwa huvuka umri wakahamia daraja la juu, na nafasi zao hubaki wazi. Mwalimu mwenye akili hutumia mechi hizi kumjaribu mlinzi katika ushambulizi, na kumpa kipa wa pili goli lake. Mkulima hupanda mbegu asizozijua katika kijipande cha pembeni kabla ya kuzitia shambani. Hapana amcheka kwa kuwa kijipande kile hakikumpa gunia. Twajua alikuwa anatafuta mbegu ya mwaka ujao.

Na yule asemaye kwamba mchezo usio na kombe hauna kumbukumbu, nampeleka nyuma kidogo. Mwezi wa Disemba mwaka 1947 ilishuka hapa Mombasa timu ya hoki kutoka India, na ndani yake alikuwamo Dhyan Chand, aliyekuwa amekwisha kushinda dhahabu ya Olimpiki mara tatu, Amsterdam 1928, Los Angeles 1932 na Berlin 1936. Umri wake ulikuwa umefika miaka 42. Hawakuja kugombea Kombe la Dunia, kwa maana Kombe la Dunia la hoki lilikuwa halijazaliwa. La kwanza lilichezwa mwaka 1971. Walikuja kwa mwaliko, kucheza na wenyeji wa Afrika ya Mashariki. Na ziara ile ingali yasimuliwa.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1956, Kenya iliingia katika hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne. Mwaka 1964 ikawa ya sita Tokyo, na mwaka 1971, katika hilo Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, ikawa ya nne. Sisemi kwamba ziara moja ndiyo iliyozaa yote hayo. Nasema tu kwamba kucheza na aliyekuzidi, hata kama hakuna kombe mezani, si kazi ya bure.

Lakini kucheza na aliyekuzidi kuna uchungu wake, nao pia ni somo. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow iliyosusiwa na nchi nyingi, vijana wa Tanzania walikutana na India katika hoki wakafungwa mabao 18 kwa bila. India ilitwaa dhahabu, na Tanzania ikawa ya sita kati ya timu sita. Wako wanaolitaja jambo hilo kwa kicheko. Mimi nawaona wale vijana kwa jicho jingine: walisimama mbele ya mabingwa, wakafungwa la kwanza na la kumi na la kumi na nane, na hawakuondoka uwanjani mpaka kipenga cha mwisho. Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Na mahali rahisi pa kumfunzia kijana kukubali ni katika mechi ya kirafiki, ambako akifungwa hasara yake ni utani wa njiani tu, nao huisha kabla ya kufika nyumbani.

Baada ya kusema hayo, nawageukia wahusika mmoja mmoja.

Kwako mwalimu wa timu. Umeahidi kwamba kila mtoto atacheza. Basi itimize ahadi kwa saa, si kwa maneno. Katika mashindano makubwa ya siku hizi hoki huchezwa kwa robo nne, kila robo dakika 15. Mpe kijana wa akiba robo nzima, mpira ukiwa bado moto na matokeo yakiwa bado hayajajulikana. Kumwingiza katika dakika mbili za mwisho, timu ikiwa imeongoza kwa mabao manne, ni kumdhihaki. Wala usidhani kwamba kwa kuwa mchezo ni wa kirafiki, vifaa si lazima. Mpira wa hoki una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe, urafiki hauulainishi. Kikinga ugoko na kikinga meno kiwe kwa kila mmoja, na kipa asikae golini bila ya kofia ngumu na mavazi yake kamili. Refa naye awe na kadi zake: ya kijani ya kumtoa mtu kwa dakika mbili, ya njano ya dakika tano au zaidi, na nyekundu ya kumfukuza kabisa. Mchezo usio na kombe usiwe mchezo usio na adabu.

Kwenu wazazi mnaokwenda kutazama. Nendeni, lakini msiwe waalimu wa pili pembeni mwa mstari. Mtoto anayeitwa na mwalimu huku na kuelekezwa na babaye kule hupoteza mpira na akili pamoja. Msimtukane refa, aghalabu katika mechi hizi refa naye ni kijana anayejifunza, kama alivyo mwanao. Na mkirudi nyumbani, swali la kwanza lisiwe "Mmeshinda?" Muulizeni alicheza nafasi gani na aliona nini huko ndani. Hapo mtasikia maneno mengi kuliko mlivyotazamia.

Kwako mama uliyeandika. Usimpe mtoto nauli kwa siri, wala usiazime kwa jirani bila ya mumeo kujua. Nauli ya siri humfunza mtoto kwamba neno la baba lazungukwa kwa mlango wa nyuma, na funzo hilo litakugharimu zaidi ya nauli. Zungumza na mumeo saa ya utulivu, baada ya chakula, mtoto akiwa hayupo. Usianze na ile mechi ya safari. Anza na zile mbili za mjini, ambazo kijana aweza kuziendea kwa miguu. Mwombe mumeo jambo moja dogo: aende naye katika mechi ya kwanza, akae pembeni, amtazame mwanawe akicheza kwa robo moja. Akisha kuona, hiyo ya safari na aiamue yeye, nawe uikubali hukumu yake.

Kwako baba. Umesema kijana asiyechezeshwa mwaka mzima hana la kufuata huko. Nakuomba uligeuze neno hilo ulitazame upande wa pili. Mtoto aliyekaa nje msimu mzima, na hata hivyo hakukosa mazoezi hata siku moja, amekwisha kukuonyesha subira ambayo wengi wetu tulio na mvi hatunayo. Alishika chupa za wenziwe na hakuliacha gongo. Siku aliyoambiwa "sasa ni zamu yako", ndipo mlango ukafungwa, na aliyeufunga ni wewe. Kama nauli haipo, mwambie waziwazi kwamba haipo; mtoto wa miaka 14 huelewa umaskini, wala si aibu. Lakini usimwambie kwamba zamu yake haina thamani kwa kuwa haina kombe. Maneno hayo atakuja kuyakumbuka siku ya kazi yake ya kwanza isiyo na sifa, naye ataiacha.

Na kwako kijana, ikiwa mama atakusomea ukurasa huu. Ruhusa ikipatikana, ina masharti: masomo ya shule yasiguswe, chuo usikikose, na kabla ya Magharibi uwe umefika nyumbani. Ukiingia uwanjani utakosea. Mpira utakupita chini ya gongo na wenzio watapiga kelele. Endelea kucheza. Na ukimwona mwenzio mwingine wa akiba ameingia baada yako, mpe mpira. Wewe wajua vizuri kuliko wote ameusubiri kwa muda gani.

Wazazi wenye habari kama hizi, za mabinti au za wavulana, waniandikie kwa njia ya mhariri, tuzidi kuzungumza.

Wassalaam.