Mvinyo Hautii Nguvu Miguuni

Tarehe 27 Julai, 1950, Muislamu mmoja wa Algeria, Abdel-Kader Zaaf, alianguka na baisikeli yake barabarani kusini mwa Ufaransa. Yalikuwa mashindano makubwa ya kuizunguka nchi hiyo, yaitwayo Tour de France. Siku hiyo waendesha baisikeli walitoka Perpignan kwenda Nîmes, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, katika jua kali la kiangazi. Zaaf na mwenzake wa timu ya Afrika ya Kaskazini, Marcel Molinès, walikuwa wamewaacha wengine wote nyuma kwa zaidi ya robo saa. Ghafla Zaaf akaanza kuyumba, mara upande huu, mara upande huu, hata akaanguka. Watazamaji wakamlaza chini ya mti. Alipozindukana aliidaka baisikeli yake na kuondoka mbio, lakini akielekea kule alikotoka! Molinès alifika Nîmes peke yake, akashinda.

Zaaf alikuwa akinuka mvinyo. Basi hiyo ikawa hadithi ya kuchekesha iliyozagaa Ulaya nzima: Muislamu aliyelewa hata akapotea njia. Mwenyewe alieleza kwamba yeye hanywi, na kwamba mvinyo ule alimwagiwa na watu waliotaka kumzindua. Nchi ile ni ya mashamba ya mizabibu, na mvinyo ndio uliokuwa karibu na mikono yao. Wapo walioandika baadaye kwamba kilichomwangusha ni jua kali pamoja na vidonge vya amfetamini, ambavyo waendesha baisikeli wengi wa zama zile walivitumia. Hata hivyo kicheko kilitangulia, na maelezo yakachelewa. Mwaka uliofuata, 1951, Zaaf alirudi katika mashindano yale yale na kuyamaliza, ingawa alikuwa wa mwisho, wa 66. Mlevi aliyepotea njia harudi hivyo.

Tunakikumbusha kisa hiki kwa sababu bado wako watu, na miongoni mwao vijana wetu wa Pwani, wanaoamini kwamba kileo kidogo humtia mtu nguvu miguuni. Asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, barabara ya Mombasa kwenda Malindi huwa na vijana wanaoendesha baisikeli kwa kujifurahisha na kushindana wao kwa wao. Wao si watu wa kulipwa. Wana kazi zao na masomo yao, na baisikeli ni mapenzi tu. Kijana wa namna hiyo akisikia kwamba mabingwa wa kale wa Ulaya walikuwa wakinywa mvinyo njiani, huenda akadhani kuna siri ndani yake.

Ni kweli kwamba walikunywa. Kwa miaka mingi washindani wa Ufaransa walisimama kwenye vilabu vya kando ya barabara, wakachukua chupa za bia na mvinyo na kuondoka nazo. Maji waliyoruhusiwa kubeba yalikuwa machache, tena wengi waliamini kwamba maji mengi humfanya mtu awe mzito. Kwa wakulima wa huko mvinyo ulihesabiwa kuwa chakula, kama mkate. Hata leo, huko Gaiole in Chianti nchini Italia, kuna matembezi ya baisikeli za kizamani yaitwayo L'Eroica, yaliyoanza mwaka 1997, ambapo watu wa ridhaa huandaliwa mvinyo katika vituo vya kula. Hayo ni mazoea ya watu na desturi zao. Kazi ya mvinyo ndani ya mwili ni habari nyingine.

Gramu moja ya kileo ina kalori 7, na gramu moja ya wanga ina 4. Mtu akitazama hesabu hiyo peke yake atasema kileo ni chakula bora. Lakini misuli haiwezi kukichoma kileo kama inavyochoma sukari. Kazi hiyo karibu yote ni ya ini, nalo huifanya kwa mwendo wake, hata ukikanyaga pedali namna gani. Glasi moja ya mvinyo hulishughulisha ini saa nzima na zaidi. Na ini likishughulika na kileo, hupunguza ile kazi yake nyingine ya kutengeneza sukari ya kuilisha damu, kazi ambayo mwendesha baisikeli wa masafa marefu huihitaji kuliko zote. Juu ya hayo, kileo huizuia homoni inayoziamrisha figo zihifadhi maji. Mtu hukojoa maji ambayo angeyatoa kwa jasho ili apoe.

Wataalamu wamelipima jambo hili kwa waendesha baisikeli wenyewe. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009, waendesha baisikeli wenye mazoezi walipewa kiasi kidogo cha kileo, kisha wakaendesha kwa saa moja kwa nguvu zao zote. Nguvu yao ilipungua kwa karibu asilimia 4. Kwa kutamka ni kidogo, lakini barabarani ndiyo tofauti ya kukaa na kundi na kuachwa peke yako na upepo. Mwaka 2003 watafiti wa Australia waliona kwamba kileo kikishika nafasi ya chakula baada ya mbio, akiba ya sukari ndani ya misuli hurudi pungufu. Na mwaka 2014, huko huko Australia, iligunduliwa kwamba kileo kingi baada ya mazoezi hupunguza ujenzi wa misuli kwa asilimia 24, hata mtu akila protini pamoja nacho.

Hatutaki kupiga chuku. Aliyekunywa glasi moja usiku pamoja na chakula, asubuhi mwili wake utakuwa umekwisha kukiondoa kileo hicho. Wala hatusemi kwamba Muislamu aache mvinyo ili ashinde mbio. Hukumu ya pombe kwetu haikungoja mizani ya maabara, na anayeitundika imani yake kwenye saa ya mashindano ameitundika mahali padogo. Wataalamu wametuondolea udhuru tu. Anayekunywa anywe kwa sababu nyingine anayoijua mwenyewe, lakini asiseme anatafuta nguvu.

Liko pia neno ambalo ni lazima tuwaambie wasiokunywa. Zaaf hakunywa, na bado alianguka. Kujiepusha na mvinyo hakumkingi mtu na jua, wala na kiu, wala na vidonge. Tarehe 13 Julai, 1967, Mwingereza Tom Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alifariki akipanda mlima wa Mont Ventoux, naye ana umri wa miaka 29. Mwili wake ulikutwa na amfetamini na kileo, na siku hiyo joto lilikuwa kali mno. Vitu hivyo vitatu vilisaidiana kumuua. Kijana anayekataa mvinyo kisha akameza kidonge alichopewa na rafiki yake ameukimbia moshi akaingia motoni.

Kwa hiyo shauri letu ni jepesi, na halina gharama kubwa. Anayetoka kwa safari ndefu na ale wanga kabla ya kuondoka, achukue tende au ndizi mfukoni, na anywe maji kidogo kidogo kabla kiu haijambana. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni haba, na jasho la Pwani huondoka na chumvi nyingi. Kwa hiyo na atie chumvi kidogo katika chakula chake. Akiona kizunguzungu, au jasho limekatika ghafla, ashuke akae kivulini. Na wenzake wasimwache.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Uwongo wa mvinyo unaweza kumfikisha mtu kilomita chache akiwa na furaha, naye akadhani anaruka. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na huko hufika yule aliyekula, aliyekunywa maji, na mwenye akili zake timamu.