Meko ya Ukutani: Ijue Kwanza, Ndipo Uiwashe

Nyinyi wa visiwani mtacheka, lakini huku Songea mwezi wa sita na wa saba tunalala na mablanketi mazito. Ndiyo maana baadhi ya nyumba za zamani za sehemu za baridi, Lushoto, Iringa, Mbeya na hata huku kwetu, zina meko iliyojengwa ndani ya ukuta wa sebule, na dohani ya kupeleka moshi juu ya paa.

Bi harusi akiingizwa kwenye nyumba kama hiyo, ataipamba kwa maua au ataiwasha. Maua hayana neno. Kuwasha ndiko ninakokupinga, mpaka uijue.

Chukua tochi, inama, mulika juu ndani ya dohani. Ukiona masizi meusi, ujue palikuwa na moto wa kweli. Ukiona tofali safi, huenda ni pambo tu. Kisha toka nje uangalie paa. Nyumba nyingi za vigae zimeezekwa upya kwa bati, na fundi anaweza kuikata dohani na kuifunika. Hapo moshi utaishia darini. Hata iliyo wazi juu huweza kuzibwa na kiota cha ndege. Tazama pia kama kuna kifuniko cha chuma kooni mwake, na kama kinafunguka.

Pima na kina chake. Pana na yenye kina ni ya kuni. Nyembamba yenye chanja ya chuma huenda ni ya makaa ya mawe. Makaa hayo yanachimbwa hapa hapa Ruvuma, kule Ngaka wilayani Mbinga, lakini usiyatie kwenye meko ya kuni. Moto wake ni mkali mno.

Na tafadhali, usiweke jiko la mkaa ndani ya meko iliyozibwa ukadhani umepata joto la bure. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia inalala, haiamki.

Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba tunapolala. Alisema hayo baada ya nyumba kuungua usiku Madina na wenyewe wakiwamo.

Wako watakaosema kukagua nyumba ni kazi ya mume. Mimi sikubali. Anayeshinda na watoto mbele ya moto huo ni nani? Kitambaa tunakigeuza upande wa pili kabla ya kulipa, nyumba je? Mwambie mumeo kwa adabu, kabla hati haijasainiwa, aite fundi mwashi apande juu. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko sanda.

Allah azihifadhi nyumba zetu. Amin.