Matibabu ya kijana, ya mama na ya mzee ni hesabu moja



Kila mara mafranga ya matibabu yanapopanda, maneno huanza kambini. Kijana asiyeoa husema: mimi siendi lopitali, mbona mali inaliwa na wenye watoto wanane? Ofisini nako hutazamwa karatasi za wenye mimba na za wazee, ikasemwa hapo ndipo pa kukata. Sisi twaona pande zote mbili zinahesabu vibaya.

Sheria ya kazi ya 2002 ni wazi: mwajiri anapashwa kumtunza mfanyakazi na jamaa yake katika ugonjwa, ajali, mimba na uzazi. Lakini haki hiyo inafika mpaka mwisho wa mkataba tu. Wafanyakazi 10,655 walioondoka Gécamines katika 2003 na 2004 wanajua maana yake.

Mkataba unaisha, vumbi linabaki kifuani. Kijana anayetoboa mwamba bila maji, kwa sababu eti maji yanachelewesha kazi, hasikii kitu leo. Silikosi huonekana mara nyingi baada ya miaka 10 au 20, pengine yeye amekwisha kurudi kwake, analima mahindi. Dawa ya kuiponya haiko. Tena kifua kilichoharibiwa hivyo hukamatwa upesi na kifua kikuu, nacho hakimtafuti mzee peke yake: mke anayemwuguza na wajukuu wanaolala chumba kimoja naye wanavuta hewa ileile. Basi gharama ya mzee ilianza ujanani mwake, siku bomba la maji lilipofungwa.

Kwa mama ni vilevile. Kupima mimba mapema, kutazama damu na presha, si gharama kubwa. Mama asiyepimwa hata mara moja, akafikishwa usiku anatokwa damu, anahitaji munganga wa kupasua, damu ya kuongezwa na majuma kitandani, kama akipona. Na siku hizi mama naye anaendesha lori la mgodi. Sheria inampa majuma 14 ya uzazi. Mkubwa anayeogopa kumwandika kazi kwa ajili hiyo anahesabu majuma na kusahau miaka atakayotumika.

Na sisi tusijifiche. Karte ya lopitali huazimwa kwa shemeji na binamu. Huruma ni nzuri, lakini ugonjwa wa shemeji unaandikwa katika kitabu chako, na siku wewe unaletwa bila fahamu, munganga atasoma habari za mtu mwingine.

Kwa wajumbe wa sendika tunaomba jambo moja, mlidai kabla ya mengine. Mtu yeyote asitie sahihi ya kuacha kazi kabla hajapigwa picha ya kifua, akapewa nakala mkononi pamoja na karatasi inayosema alitumika wapi na miaka mingapi katika vumbi. CNSS ndiyo inayosimamia magonjwa ya kazi, nayo inataka ushahidi. Mzee asiye na karatasi hizo ana kikohozi chake tu cha kuonyesha. Na ninyi mama, zikifika nyumbani, ziwekeni mahali pakavu, mbali na watoto.