Dokta mmoja, kazi saba

WIKI mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Buhembe, pale Bukoba, kumjulia hali mama. Mama yangu ana presha, na si mnawajua akina mama wa kwetu, dawa wanameza siku wanayojisikia. Basi asubuhi moja akaamka kichwa kinamgonga. "Nipeleke kwa Ta Dokta," akasema. Sikubisha.

Kwa nyie msiotoka kwetu, "Ta" ni neno la heshima kwa mwanamume mtu mzima, ni kama kusema baba. Na huyu Ta Dokta heshima yake hajaiomba kwa mtu. Alitumikia Serikali mpaka akastaafu, kisha akafungua kliniki ya vyumba viwili kando ya migomba. Hana kitanda cha kulaza wala gari la wagonjwa. Ana benchi, meza, kabati la dawa na mikono yake miwili.

Tukafika saa mbili asubuhi. Nani tunamkuta anapiga deki? Dokta mwenyewe! Suruali kaikunja mpaka magotini, ndoo pembeni.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Kaeni hapo kwenye benchi, nakuja."

Akaweka ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, akavaa koti lake jeupe. Nikadhani sasa ataingia chumba cha daktari. Wapi! Akakaa kwenye meza ya mapokezi, akafungua daftari kubwa, akamtazama mama usoni.

"Jina lako nani?"

Mama akaangua kicheko. "Dokta, wewe unanijua tangu Nyerere yuko Ikulu, leo unaniuliza jina?"

"Waitu mama, nitajie jina, mtaa unaokaa, na dawa gani inakukataa."

Mama akajibu huku ananikonyeza, kama kusema mzee keshazeeka. Dokta akaandika. Kisha akaingia ndani, akaita kwa sauti "Anayefuata!", mama akaingia. Presha ikapimwa: 170 kwa 100. Mama akapewa somo kwamba dawa ya presha inamezwa kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Dokta akatoka, akafungua kabati, akahesabu vidonge, akaandika kwenye bahasha. Halafu akawa keshia. Nikampa noti ya 10,000, hana chenji. Akatoka mbio na koti lake mpaka dukani, wagonjwa sita wanamsubiri.

Nikahesabu kwa vidole: mfagizi, karani, daktari, nesi, mtoa dawa, keshia, na usiku mlinzi. Kazi saba, mtu mmoja, mshahara wenyewe sijui anajilipa nini.

Msinielewe vibaya. Hakupanga iwe hivyo. Alikuwa na nesi, binti hodari, akapata ajira ya Serikali akaondoka. Nani angemlaumu? Na kanuni zenyewe zinataka kituo kiwe na watumishi zaidi ya mmoja, dokta analijua hilo. Anatafuta nesi mwingine. Ila nesi anataka mshahara wa mwezi, na wagonjwa wa Buhembe wengine wanalipa kahawa ikishavunwa.

Tukumbuke pia kwamba hizi kliniki za watu binafsi hazikuwapo siku zote. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, zikabaki za Serikali na za mashirika kama ya dini. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa, ndipo madaktari wakaanza kufungua vijumba vyao mitaani. Vingi vilianza hivi hivi: dokta, benchi, na mke wa dokta akisaidia kupokea hela.

Sasa ngoja niwaambie lile benchi lenyewe. Kwa kuwa hakuna mtu wa mapokezi, foleni inajiendesha. Siku ile kulikuwa na mwalimu mstaafu, yeye ndiye aliyekuwa anaamua nani alikuja kwanza. Kuna bibi alikuwa anatafuna kahawa na kumhoji kila anayeingia: "Na wewe mwanangu unaumwa nini?" Jamani! Kijana mwenye ugonjwa wa siri atajibu nini? Atasema mafua, halafu arudi jioni kama mwizi, au asirudi kabisa. Dokta kaliona hilo. Kaweka redio dirishani, karibu na benchi, na mgonjwa akiingia ndani anaongeza sauti. Ukisikia taarabu inanguruma Buhembe asubuhi, ujue mtu anaeleza siri zake.

Mama alipokuwa anapumzika nikamwuliza dokta, kwa nini anawauliza majina watu aliowajua miaka 30? Mzee akakaa kimya kidogo. Akanipa kisa ambacho amenikubalia nikiandike, bila kumtaja mwenyewe.

Mwezi ule nesi alipoondoka, dokta alijivunia kichwa chake. Si tunajijua Wahaya kwa kujisifu? Akasema daftari la nini, mimi watu wangu nawajua. Siku moja ya gulio akaja mama mmoja ana kikohozi. Dokta anamsikiliza, simu inalia. Anapokea, mtoto analia kwenye benchi. Anamtazama mtoto, mtu anagonga anataka chenji yake. Akarudi kabatini, akampa yule mama Septrin.

Mama yule alikuwa na aleji ya dawa za salfa. Miaka ya nyuma zilimvimbisha, na dokta huyo huyo ndiye aliyemtibu! Alijua. Siku ile akasahau. Na mama naye hakusema, maana aliamini dokta anakumbuka.

Saa nne usiku bodaboda ikasimama nje. Mama midomo imevimba, macho hayaonekani, ngozi imetoa malengelenge. Dokta akampa huduma ya kwanza, akafunga mlango, akapanda naye bodaboda ile ile mpaka hospitali ya mkoa. Alipona. Lakini dokta anasema usiku ule alikaa kwenye korido akijiuliza swali moja: nesi angekuwepo dirishani, si angemwuliza tu, "Mama, kuna dawa inakukataa?"

"Nilidhani nesi alikuwa ananipunguzia kazi," akaniambia. "Kumbe alikuwa jicho langu la pili."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipoacha kucheka. Kufagia hakuui mtu. Kukosa chenji hakuui mtu. Hatari ya kufanya kazi peke yako ni kwamba ukikosea hakuna wa kukugusa bega.

Ndiyo maana ya daftari. Vituo vya afya nchini vinatumia vitabu vya MTUHA, na Kitabu namba 5 ndicho cha wagonjwa wa nje. Dokta anakijaza, halafu ana daftari lake jingine ambalo kila mgonjwa ana ukurasa wake: jina, mtaa, simu ya ndugu, dawa aliyopewa, dawa inayomkataa. Hatoi kidonge kabla ya kusoma ukurasa. Hata kwa mkewe.

Na msidhani ni mambo ya aleji tu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa hapa hapa kwetu, Bukoba Vijijini. Mpaka unatangazwa kwisha, Juni 2, watu 9 walikuwa wameugua na 6 wamefariki, mmoja wao mhudumu wa afya. Ugonjwa kama huo unazuiwa kwa kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa. Utampataje kama dokta aliandika "mama yake fulani" tu, au hakuandika kabisa? Homa huanzia kwenye vibenchi kama hivi. Anayekaa peke yake pale ndiye wa kwanza kuigusa, kwa hiyo glavu na daftari kwake si urembo.

Sasa na sisi wagonjwa tujirekebishe, maana dokta wa peke yake watumishi wake ni sisi:

Ukienda, beba kadi yako na maganda ya dawa unazotumia. Usiseme "vile vidonge vyeupe". Vidonge vingi ni vyeupe!

Kuna dawa inakukataa? Sema kabla hujaulizwa, hata kama dokta ni mjomba wako. Mjomba naye husahau.

Dokta akiwa anahesabu dawa, nyamaza. Habari za msiba, siasa na Simba na Yanga zitangoja dakika mbili.

Beba chenji. Na deni likiiva lipa, usingoje kahawa ya mwakani.

Ukimkuta mgonjwa mahututi kafika baada yako, mpishe. Hakuna nesi wa kukuamuru, kuna ubinadamu wako.

Na wewe dokta unayesoma hapa, siku unakwenda msibani bandika karatasi mlangoni: umekwenda wapi, unarudi saa ngapi, wa haraka aende wapi. Mgonjwa aliyekaa saa tatu mbele ya mlango uliofungwa hana hamu ya kusikia pole yako.

Tulipokuwa tunaondoka, mama akageuka mlangoni. "Dokta, ulisahau kuniuliza simu ya ndugu." Mzee akafungua daftari, akaandika namba yangu. Mama hakunikonyeza tena.

Kama kuna nesi anatafuta kazi na haogopi kuanza na mshahara mdogo, aende Buhembe akaulizie kwa Ta Dokta, hatapotea. Mshahara siahidi, ila senene za Novemba nitamtafutia mimi mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.