Swali Lililojibiwa kwa Mbizi

Mwanzoni mwa mwaka 2012 nauli ya pantoni kati ya Feri na Kigamboni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Watu walilalamika, wabunge wa Dar es Salaam nao wakahoji. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alijibu kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Neno hilo lilienea jiji zima, wengi wakacheka, na nauli ikabaki mia mbili.

Haturudii habari hii ili kumsema marehemu, ambaye Aprili 2016, akiwa Rais, alizindua Daraja la Nyerere huko Kurasini na watu wakashukuru. Tunairudia kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba Watanzania hawaulizi kwa kuwa ni waoga, au hawajasoma. Sisi hatukubali.

Hebu simama sokoni Feri asubuhi. Mnunuzi anafunua shavu la samaki aone kama bado ni jekundu. Kavuliwa lini? Mbona jicho limeingia ndani? Amelala kwenye barafu siku ngapi? Bei ya mwisho? Hakuna woga hapo. Dakika kumi baadaye mtu huyohuyo, mfuko wa vibua mkononi, amebanana na mamia ya wenzake wakisubiri kuvuka. Pantoni halionekani. Wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, wanaguna, basi. Muuza samaki akijibu ovyo, mteja anahamia meza ya jirani. Pantoni halina meza ya jirani. (Daraja lipo, lakini kwa mwenda kwa miguu ni mbali.)

Ukimya wa namna hiyo ni hatari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kiliendeshwa na TEMESA, wakala uleule wa pantoni za Kigamboni. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. "Tumeshafika wangapi humu?" ni swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuliuliza, ila linahitaji mtu wa kulipokea.

Nasi waseminari, siku si nyingi, ndio tutakaoulizwa. Muumini wa kigangoni naye hana meza ya jirani. Akisimama baada ya matangazo kuuliza mchango wa mabati umefikia wapi, ni rahisi kumjibu kwamba anayemtolea Mungu hahesabu. Jibu hilo linasikika kama sala, lakini kazi yake ni ileile ya mbizi. Hatahama Kanisa. Atakaa benchi lake, atatoa mia tano yake, hatauliza tena, na sisi tutaandika kwenye taarifa kwamba waumini wa hapo ni watulivu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma kila siku, alianza kila kipengele cha Summa kwa swali, akaweka kwanza hoja zinazompinga, ndipo akasema lake. Hakumwambia mtu apige mbizi.

Tungependa malezi yetu ya kichungaji yawe na zoezi la kusimama mbele ya watu na kujibu swali la fedha tusilolipenda, kwa tarakimu. Pale tusipojua, tuseme tutaleta jibu Jumapili ijayo, na Jumapili hiyo tulilete.