Ukuta kati ya simu mbili ni wa biashara

Hebu tuulizane: kwa nini video ya megabaiti 200 ipelekwe intaneti na kurudi, ilhali simu zote mbili ziko juu ya meza moja? Anayetuma anakatwa megabaiti 200 za bando, anayepokea anakatwa 200 nyingine. Hasara tupu!

Wengi huniambia ati Android na iPhone haziwezi kuelewana. Mimi ni mtengenezaji wa programu na hilo silikubali. Miaka ya 2000, Nokia ilirushia Sony Ericsson wimbo kwa Bluetooth bila shida yoyote. Mwaka 2011 Apple ikaleta AirDrop, kwa vifaa vyake tu. Google nayo ikaleta Nearby Share mwaka 2020, iPhone ikaachwa nje. Kisha Novemba 2025 Google ikaiwezesha Pixel 10 kutumiana faili na AirDrop, bila kushirikiana na Apple. Kumbe iliwezekana!

Basi tusingojee hisani yao. Weka LocalSend, programu huria ya bure inayofanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Zima data kwenye Android, washa hotspoti, iPhone iunganishwe nayo. Faili itapita moja kwa moja, ikiwa imesimbwa, na bando haiguswi.

Anayemwambia rafiki anunue simu kama yake ndipo amtumie picha, huyo ni mchuuzi wa kampuni asiyelipwa mshahara.